Kitu cha Kumi kwenye Orodha

Kwetu orodha ya mahari huandikwa kwa mkono, na anayeiandika ni mtu mwenye mwandiko mzuri kuliko wote katika familia. Kompyuta haifai, simu haifai. Marehemu babu alikuwa akisema kwamba orodha iliyochapwa inafanana na ankara ya umeme, na nani anataka binti yake afike kwa wakwe kama ankara ya umeme? Basi dada yangu alipochumbiwa, macho yote yalinigeukia mimi. Nilikuwa nimemaliza riwaya moja ambayo hakuna aliyeitaka, nilikuwa katikati ya ya pili, na kila Jumamosi nilikutana na wenzangu watano nyuma ya duka la vitabu vya mitumba, tukisomeana kurasa zetu kwa sauti kubwa kana kwamba Lubumbashi nzima imezima pikipiki zake ili itusikilize. Kwa miaka familia ilikuwa ikijiuliza kazi hiyo inafaa nini. Sasa ikapata jibu.

"Mwandishi," mjomba aliniita, "leta ule mukono yako hapa. Leo utaandika kintu batu batasoma kweli."

Mjomba ni kaka mkubwa wa mama. Alifanya kazi relini tangu ujana hadi pensheni, na mpaka leo anaendesha mambo ya familia kama treni ya abiria: kuna saa ya kuondoka, kuna vituo, na hakuna kuruka njiani. Kwa desturi yetu, sisi watu wa kaskazini mwa Katanga, yeye ndiye mwenye sauti juu ya orodha. Baba alikaa pembeni akiitikia kwa kichwa. Mjomba akafumba macho, akaanza kutaja.

"Koti ya baba. Bitenge ya mama, sita, ile ya kweli, hapana ile inatoka rangi mu maji. Baiskeli yangu. Mbuzi mbili, zikuwe na nyama, basituletee mifupa inatembea. Chumvi, gunia moja. Taa. Jembe. Blanketi ya nkambo yenu, mama yangu. Samaki ya kukauka ya Pweto, kitunga moja." Akafumbua jicho moja. "Bingapi?"

"Tisa, Mujomba."

"Ya kumi iko ya ndugu ya binti. Weye njo ndugu yake, hakuna mwingine. Andika kintu unapenda. Lakini usitupatishe haya."

Kalamu ikasimama juu ya karatasi. Natamani ningeweza kusema kwamba nilisita kwa sababu ya busara. Hapana. Nilisita kwa sababu ya furaha.

Tulipokuwa watoto, mimi na dada yangu, baba alileta nyumbani mashine ya michezo ya video aliyoinunua kwa familia iliyokuwa ikihama. Ilikuwa ya kijivu, kifuniko chake kimefungwa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli, nayo ilikuja na maneti mbili za kushikia mkononi. Moja ilikuwa nzima. Ya pili kitufe chake cha kushoto kilikuwa kimekufa. Dada, ambaye ni mkubwa kwangu kwa miaka minne, alichukua ile mbovu siku ya kwanza na hakuwahi kuniomba tubadilishane. Mchezaji wake hakuweza kugeuka kushoto, kwa hiyo alizungukia kulia, mzunguko mzima kama mtu anayetafuta funguo zake, halafu akafunga bao. Alinishinda kila siku kwa miaka mitatu. Kisha, msimu mmoja wa mvua, umeme ulirudi kwa nguvu kupita kiasi, mashine ikatoa harufu ya karanga zilizoungua, na utoto wetu ukaishia hapo.

Basi niliandika, kwa mwandiko wangu mzuri kuliko yote niliyowahi kuandika: *Mashine moja ya michezo ya video, mpya, ndani ya katoni yake, na maneti mbili.*

Nilikuwa na hesabu yangu. Mashine ile niliiona kila wiki kwenye dirisha la duka moja katikati ya mji, na bei yake ilikuwa ya watu wa mtaa wa Golf, wale ambao hununua kwanza na kuuliza baadaye. Lakini mahari huchukua mwaka, wakati mwingine zaidi. Na kila kitu chenye waya hushuka bei kikizeeka. Simu hushuka, televisheni hushuka. Mashine iliyotangulia hiyo niliiona kwa macho yangu ikitoka kwenye dirisha la kioo hadi kwenye meza ya sokoni kati ya redio na pasi. Nilijua kwamba siku ya siku itakuwa rahisi kuliko mbuzi.

Mjomba aliisoma orodha, midomo ikitembea. Alipofika mstari wa kumi akauliza, "Hii inalia? Inatoa muziki?"

"Inatoa."

"Muzuri. Funga bahasha."

Na bahasha ikishafungwa na kuvuka kizingiti, kwetu haipunguzwi. Kuongeza kitu ni utovu wa adabu. Kupunguza ni jambo baya zaidi, maana kupunguza orodha ni kupunguza binti. Wala hakuna kugeuza kitu kuwa pesa. Mbuzi ni mbuzi, jembe ni jembe. Paroko naye hapangi siku ya ndoa kanisani kabla familia hazijamalizana nyumbani. Kwa hiyo tangu siku ile harusi ya dada yangu ilining'inia kwenye mstari wa kumi, na mimi sikujua.

*

Shemeji yangu mtarajiwa ana kibanda cha vifaa vya simu na kompyuta, kilichobanwa kwenye baraza la duka kubwa katikati ya mji, na hilo duka, lile lenye mashine dirishani, ni la tajiri wake wa zamani. Familia yao ilitoka Kasai enzi za mababu. Ni watu wa biashara na wa shule, na mama yake anauza vitenge kwa sauti ambayo mteja akiisikia anaona aibu kuondoka mikono mitupu. Yeye mwenyewe ni mpole. Anaongea kama mtu anayepima kila neno kwa mizani midogo ya dhahabu.

Miezi minane baada ya orodha, vitu tisa vilikuwa tayari. Pasaka ilipita bila harusi. Julai ikapita. Dada yangu akaanza kufunga milango kwa nguvu. Siku moja nilikwenda kibandani, nikijifanya natafuta chaja, nikamkuta shemeji amekaa mbele ya kikokotoo.

"Shemeki," akasema, "miye naomba nikuulize kintu, lakini usikasirike. Nani aliweka ile mashini mu orodha?"

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ile mutu aliniua polepole. Wakati nilipata orodha, bei ilikuwa hapa." Akaweka kiganja kwenye meza. "Nikafanya kazi, nikakaribia, bei ikaenda hapa." Kiganja kikapanda hadi kifuani. "Nikafanya tena. Sasa iko hapa." Kiganja kilikuwa juu ya paji la uso, kama mtu anayepiga saluti.

Nilihisi masikio yakiwaka moto. "Lakini ile mashine imezeeka," nikasema. "Ingeshuka."

Hapo akanifundisha, na lazima nikiri kwamba hata katikati ya hatia yangu nilisisimka, kwa sababu sikuwahi kumsikia akiongea hivyo. Macho yalimng'aa. Alichukua ubao wa simu iliyokufa, akauweka chini ya taa, na kwa ncha ya bisibisi akagusa kipande cheusi kisichozidi ukucha wa mtoto.

"Unaona huyu? Huyu iko kumbukumbu. Zamani, kila mwaka bafundi balikuwa banamufanya mudogo zaidi na rahisi zaidi, donc mashini ilishuka. Sasa kumupunguza kunaomba pesa mingi, haishuki tena. Na hawa wenyewe banakosekana. Kule ng'ambo banajenga manyumba makubwa ya kompyuta, zile zinajibu maswali ya batu, zinachora picha, zinaandika barua. Zile manyumba zinakula kumbukumbu kama nzige. Bakubwa banapita kwa fundi na malori, banachukua byote. Mutu wa michezo anafika na kikapu yake, anaambiwa: baki pale, ao lipa zaidi."

"Kwa hiyo mashine zinazoandika zinakula mashine zinazocheza," nikasema. Mwandishi ndani yangu alishindwa kunyamaza.

"Andika hivyo kama unapenda. Halafu kuko ushuru. Nchi moja kubwa inapandisha ushuru kwao, muuzaji anapandisha bei kwa dunia yote ili asipate hasara peke. Na michezo yenyewe! Ule mchezo ulicheza mutoto, batu ishirini balikaa mwaka moja, bakaisha. Leo batu mia na mia banakaa miaka tano juu ya mchezo moja, kila jani ya muti inachorwa. Bote banakula, bote bana batoto ku masomo. Njo pale mashini inatoka. Haiyafika hata ku bahari. Inapita bandari, inapita mupaka, mupaka ingine, Kasumbalesa, na kila mupaka inauma kipande kidogo kama mukate mu mukono ya mutoto anatumwa ku duka."

"Na kobalti yetu?" nikauliza. "Kila mtu anasema kobalti yetu inatoka hapa bure, inarudi ghali."

Akacheka. "Kila mutu anasema! Shemeki, kobalti iko mu betri ya maneti, kidogo kama chumvi mu uji. Huwezi kumupa kobalti kila kosa."

Kosa lilikuwa limekaa mbele yake kwenye stuli ya plastiki, limevaa shati la mistari. Nikamwambia. Nikamwambia kila kitu: mstari wa kumi, furaha yangu, hesabu yangu ya mwaka mmoja. Alifuta namba zote kwenye kikokotoo, moja moja.

"Tutamwambia mjomba auondoe," nikasema haraka.

"Apana. Mama yangu akisikia bukwe balipunguza, atasema banatuonea huruma. Na yaya yako, ule dada yako mukubwa, atasikia nini? Aseme alipunguzwa kwa sababu ya bwana yake maskini?" Akakizima kikokotoo. "Afazali nitembee bila viatu."

Niliondoka bila chaja. Nilitembea kuelekea nyumbani, na njiani, karibu na njia ya reli, wazo likanijia zima, lenye mikono na miguu, kama yanavyonijia mawazo ya riwaya mara moja moja. Nikageuka, nikarudi mbio.

*

Wazo lilikuwa hili. Siku ya kutoa mahari, kwetu, kitu kimoja kati ya vyote hurudishwa palepale mkononi mwa bwana-arusi, ili watu waone kwamba binti hakuuzwa. Mjomba ndiye huchagua. Kwa kawaida hurudisha chumvi au jembe. Lakini vipi kama akirudisha mashine? Basi haikuhitajika kuinunua. Ilihitajika tu kuwepo, mchana mmoja, ndani ya katoni iliyofungwa. Tajiri wa zamani wa shemeji anaweza kumwazima mashine ile ile ya dirishani Jumamosi asubuhi, na Jumatatu ikarudi dirishani ikiwa na utepe wake mzima.

"Na mujomba atakubali?" shemeji aliuliza. Nilikuwa nikihema mlangoni mwa kibanda.

"Niachie mimi mjomba."

Tajiri alikubali, kwa sharti moja: katoni isifunguliwe. Ikifunguliwa, imenunuliwa, na kwa bei ya dirishani ya siku hiyo. Kuhusu mjomba, nilimwendea na chupa mbili baridi na hotuba ndefu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Ya kurudi ninachagua miye. Nitaona siku ile." Kwa shemeji nilitoa taarifa fupi zaidi. Nilisema, "Tayari." Mpaka leo neno hilo linanitia haya.

*

Jumamosi hiyo ua wetu ulikuwa na turubai la buluu na viti vya kukodi, upande huu sisi, upande ule wao. Waliingia kwa wimbo. Mama wa shemeji alitangulia, amevaa kitenge cha rangi ya moto, na mbuzi wawili wakafuata wakilalamika. Katoni ilikuja mwisho, mikononi mwa shemeji mwenyewe, nyeupe na safi. Aliibeba kama mtu aliyebeba mtoto wa watu.

Dada yangu alikuwa ndani, chumbani, amefunikwa kitenge kuanzia kichwani, kama inavyotakiwa. Bibi-arusi haonekani hadi mwisho, anapoitwa kuulizwa kama vitu vipokewe. Dirisha la chumba hicho linatazama uani, na pazia lilikuwa likicheza ingawa hapakuwa na upepo.

Nilisoma orodha kwa sauti. Na hapo ndipo nilipokumbuka jambo ambalo mtu yeyote wa nyumba yetu angelikumbuka, ila mimi niliyekuwa nikitunga hadithi.

Kwetu kitu hakipokewi kwa macho. Kinajaribiwa.

Nilisoma *koti*, baba akalivaa, akainua mikono kama anayetaka kuruka. Nilisoma *vitenge*, mama akatumbukiza pembe ya kimoja kwenye beseni la maji, akakamua, akatazama. Rangi haikutoka, vigelegele vikapaa. Mbuzi walipapaswa mbavu. Chumvi ilionjwa, taa ikawashwa mchana kweupe. Jembe lilipigwa ardhini karibu na miguu ya wageni. Mjomba alipanda baiskeli yake, akazunguka ua mara mbili akipiga kengele, na upande wa wakwe wakamwimbia. Kila kitu kilichojaribiwa kilinisogeza karibu na katoni.

"Kumi!" mjomba akapaza sauti. "Soma, mwandishi, umelala?"

Nikasoma. Shemeji akaiweka katoni mezani na kunitazama. Bado alikuwa akiniamini.

"Fungua," mjomba akasema.

"Mujomba," nikasema, "hiyo… hiyo ni ya kiwandani, imeshajaribiwa kule."

"Na mbuzi hakujaribiwa na mama yake? Fungua!"

Alikuja na kisu cha kuchinjia mbuzi. Utepe ulikatika kwa sauti ndogo sana. Nadhani tuliosikia tulikuwa wawili tu. Shemeji akafumba macho.

Lakini kilichofuata sitakisahau, na hata nikikumbuka hofu yangu ya saa ile, nacheka mwenyewe njiani. Televisheni ililetwa uani. Mashine iliuliza lugha, iliuliza saa, iliuliza intaneti. Nikaipa intaneti ya simu yangu hadi tone la mwisho. Kisha pakatokea mchezo mdogo uliomo ndani yake: kijitu cheupe, kichwa kikubwa, kinaruka juu ya mawe na kuvuka mto. Ua wote ukasema "Aaah!" kwa pamoja, sisi na wao.

Mjomba akashika maneti. Kijitu kilipokanyaga changarawe, maneti ikatetemeka mikononi mwake, naye akaganda. "Inatembea ndani," akanong'ona. Kisha akapiga kelele: "Njo vile reli! Treni ikiwa mbali, unaweka mukono ku chuma, unaisikia! Batu, njo ileile!" Machozi yalikuwa karibu. Alisonga mbele, akaruka jiwe la kwanza, la pili, akatumbukia mtoni.

"Mujomba, treni yako ilizama!" mama wa shemeji akaita kutoka upande wa pili. "Lete kwa batu banajua kuvuka mupaka!"

"Weye? Utauzia huyu kitenge?"

"Nitamuuzia, na atanunua mbili!"

Akaichukua maneti kwa vidole vyake vizito vya pete, akauma ulimi, akavuka mawe, akavuka mto, akapanda kilima. Wanawake wa pande zote mbili walisimama juu ya viti. Hakukuwa tena na upande huu na upande ule. Turubai zima liliinama kushoto kijitu kilipoinama kushoto. Sijawahi kusoma ukurasa wowote, wangu au wa mwingine, uliowashika watu namna ile.

Hatimaye mjomba akapiga makofi. "Bon. Sasa kintu ya kurudi." Akaitazama mashine kwa upendo. Akaweka mkono juu yake. "Chumvi irudi. Hii inabakia."

Vigelegele. Shemeji alikaa taratibu, kama mtu aliyeambiwa akae na daktari.

Nikasimama. Niliongea vibaya, sentensi zikikanyagana. Nilisema mstari wa kumi ulikuwa wangu, nilidhani bei itashuka, ikapanda tena na tena. Kwamba mashine ni ya kuazima, kwamba mpango ulikuwa wangu, kwamba shemeji alitaka kuinunua na bado angeinunua hata kwa kutembea bila viatu, na kwamba mimi ndiye niliyemdanganya kwamba mjomba amekubali.

Mjomba akaondoa mkono juu ya mashine.

"Ulifikiri itashuka," mjomba akasema polepole. "Mwandishi. Niambie kintu moja tu kilishuka mu hii muji."

"Mvua," mtu mmoja akajibu kutoka nyuma, lakini hakuna aliyecheka. Mama wa shemeji alikuwa amesimama, maneti bado mkononi, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka siku ya Jumapili.

"Nilikuja ku ukwe na kintu ya kuazima," akasema. "Miye. Mbele ya batu."

Niliona harusi ikiondoka, naiona wazi hata sasa: mama yule anaweka maneti chini, anajifunga kitenge vizuri, anaita watu wake. Alikuwa amekwisha kuinama kuiweka.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Dada yangu alitoka bila kuitwa, kitenge kichwani, akiongozwa na hatua zake mwenyewe. Shangazi mmoja alimkimbilia. "Rudi! Hawajakuuliza!"

"Basi baulize," dada akasema ndani ya kitenge.

Mjomba alikohoa. Treni yake ilikuwa imetoka nje ya ratiba, lakini kituo kilikuwa kilekile. "Binti yetu, bintu byafika. Tupokee?"

"Pokeeni tisa."

Desturi haijui jibu hilo. Binti husema ndiyo au husema hapana.

"Na ya kumi?" mjomba akauliza.

"Ya kumi naenda nayo." Akakivua kitenge kichwani, kabla ya wakati wake, na uso wake ulikuwa umelowa jasho na unang'aa. Hakumtazama bwana wake wala mimi. Alimgeukia mama mkwe, akapiga goti vizuri, kama alivyofundishwa, akanyoosha mikono yote miwili. "Mama, ile mashini si ya kuazima tena, ilifunguliwa. Mutoto wako atailipa, na miye nitailipa pamoja naye, mu nyumba yetu. Sasa naomba maneti. Nilikuwa naangalia ku dirisha. Pale ku kilima ulipita njia ya murefu."

Mama wa shemeji akamtazama. Akaitazama skrini. "Njia ya murefu?"

"Ndiyo, Mama."

"Onyesha."

Dada yangu akakaa palepale kwenye mkeka, katika nguo zake zote za bibi-arusi, akacheza. Alipopita kilima kwa kuruka mara mbili, mama mkwe wake alipiga kelele iliyowatisha mbuzi. "Yo! Nilikuja kutafuta muke, kumbe napata fundi!" Naye mjomba akasimama, akanyoosha mkono kama anayetoa treni kituoni, akatangaza kwamba neno la binti limefunga orodha na kwamba chumvi inabaki, kwa sababu kitu cha kurudi kimekwisha kurudi. Kisha akanigeukia na kunitoza faini: majogoo wawili, na kuandika orodha zote za familia hadi nife, mistari tisa tu kila moja.

*

Walioana kanisani kabla ya mvua. Mashine wakaiweka kibandani, kwenye meza iliyobanwa kati ya chaja na vioo vya simu, na televisheni yetu ya zamani juu yake. Watu wa ofisini, mafundi pikipiki, wanafunzi wa chuo, wote hulipa kwa mchezo mmoja. Tajiri alimaliza kulipwa kabla ya mwaka kuisha. Kwenye dirisha lake mashine nyingine kama ile imepanda bei mara mbili tangu wakati huo, na kila kibandiko kipya kikibandikwa shemeji huniita niende nikakione, akicheka kama mtu aliyepanda lifti ya mwisho.

Nami naenda kila Jumamosi, nikitoka kwa wenzangu wa kurasa, kichwa kikiwa bado kimejaa sentensi. Dada hukaa kwenye stuli baada ya kazi zake, watu wamemzunguka. Nikisogea, hunyoosha kiganja bila kugeuza kichwa.

"Lipa kwanza, mwandishi."

"Yaya, nani aliiandika hiyo mashine?"

"Njo sababu unalipa."

Nalipa. Tunacheza mpira. Maneti zote mbili ni nzima, kila kitufe kinafanya kazi, lakini dada yangu hagusi kile cha kushoto. Mchezaji wake anazunguka kulia, mzunguko mzima, polepole, watu wanampigia miluzi, mabeki wangu wanamsubiri upande usiokuwa wake. Halafu anafunga.